Farasi Mtupu

Karani alivuka Bega kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Tulikuwa tumemvua kila kitu. Tandiko lilikuwa chini, hatamu ilining'inia begani kwa Fidelis, na kamba ya shingoni nilikuwa nimeikunja mwenyewe nikaiweka juu ya jiwe. Hiyo ndiyo desturi yetu sisi tunaojitolea kwenye njia za farasi: kipande kipya hakifunguliwi kwa watu mpaka farasi mtupu akivuke kwa hiari yake, bila mtu mgongoni, bila kuvutwa, bila hata kuitwa jina. Akikataa, tunarudi kuchimba na hatubishani naye. Tulishawahi kubomoa ukuta wa mawe tuliotokwa jasho kuujenga, eti kwa sababu jike mmoja alinusa tu akageuka. Chini ya ukuta ule tulikuta maji yamechimba pango la kutosha mtu kulala.

Karani hakunusa. Alipita masikio yamelegea, mkia ukipunga nzi ambao kwenye baridi ile hawakuwepo, kwato zikigonga udongo mpya tuliousindilia kwa mikono. Kulia kwake mlima ulisimama wima, kushoto kulikuwa na ukungu, na chini ya ukungu korongo. Bega ni pale njia inapouzunguka mlima ikiwa nyembamba kiasi kwamba farasi wawili hawapishani. Alipofika ng'ambo akainamisha shingo akaanza kula majani.

Watu wakapiga makofi. Kikosi chetu ni mchanganyiko: washonaji, walimu walio likizo, madereva ambao magari yao yaliozea bondeni. Hii ni ardhi ya umma, na umma ndio sisi. Malipo yetu ni uji na sifa, na uji wenyewe tunajipikia.

"Karani amepitisha!" Fidelis akapaza sauti. Zamani alikuwa dereva wa lori la mbao, na mpaka leo huongea kama mtu anayeshindana na injini. "Anayepinga apinge sasa, kesho tusisumbuane."

Hakuna aliyepinga. Hata mimi kiongozi wao sikupinga. Niliutazama udongo, nikautazama ukuta wa mawe unaoushikilia, nikaona viko sawa. Kitu pekee nilichokihisi ni joto nyuma ya sikio la kushoto.

Joto lile maana yake ni kwamba kitulizo changu kilikuwa kazini. Ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kinabandikwa pale mfupa wa sikio unapoishia. Hakilevyi. Ukiwa nacho unakumbuka majina ya watu, unapiga hesabu, unalalamika chai haina sukari. Kazi yake ni kuusikiliza mshipa unaotoka kichwani kwenda moyoni. Hofu au huzuni ikianza kupanda, kinaiwahi na kuizima kabla mwenyewe hujaijua. Zahanati humbandika mfiwa siku ya mazishi, na siku ya kuanua matanga shangazi wa marehemu hukibandua kwa maji ya uvuguvugu, mfiwa akalia kidogo kilichobaki, maisha yakaendelea.

Shangazi wa Oresto alikuja na beseni lake na kitambaa chake. Nilimwambia aache kwanza. Bega ilikuwa haijajengwa upya, na kikosi kilihitaji mtu wa kukisimamia. Alinitazama sana, akasema, "Haya, mwanangu," akaninawisha uso tu.

Oresto alikuwa mume wangu. Aliporomoka na Bega kabla ya masika, yeye na farasi aliyempanda. Ninaweza kukwambia hivyo huku ninamenya viazi.

Nilivuka kwenda kumchukua Karani. Kadiri nilivyokaribia pale katikati, kitulizo kilizidi kupata moto, nikahesabu kwamba ni msiba wangu tu, mahali penyewe ndipo hapo. Nilifika ng'ambo nikaingiza mkono chini ya singa zake ili nimfunge kamba. Vidole vyangu vikagusa kitulizo chake.

Farasi wote wa kambi zetu wanavaa vitulizo. Vyao ni mikanda myeusi, mipana kama kiganja, na vinafanya kazi ile ile. Kila kimoja, kama changu, kina taa ndogo upande wa ndani, ambayo huioni mpaka ufunue nywele. Ikiwa kijani, mkanda umelala. Ikiwa njano, kuna hofu inazimwa. Taa ya Karani ilikuwa njano, tena njano iliyokolea, na mkanda ulikuwa moto kama kikombe cha chai. Yeye alikuwa anakula majani, macho yamelegea kwa raha.

Niliwaza: farasi huyu ameogopa, na hakuna aliyemwambia.

Kisha niliwaza mengine, taratibu, moja baada ya jingine, kwa sababu mtu mwenye kitulizo hakimbizwi na mawazo yake. Tunaposema mtupu, tunavua vitu tulivyomvisha asubuhi. Tandiko, hatamu, kamba. Mkanda hatukumvisha asubuhi. Farasi waliletwa nao kutoka kituo cha mifugo wakiwa wadogo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona shingo ya Karani. Mkanda umekuwa sehemu ya farasi, kama kwato. Kwa hiyo tangu farasi wa mikanda waje, hakuna kipande cha njia kilichopimwa na farasi mtupu. Kilichopimwa ni kama mkanda unafanya kazi.

Na siku ile ya Oresto, aliyevuka kwanza alikuwa Karani huyu huyu, na tulipiga makofi haya haya.

Ningekuwa mzima ningepiga ukelele. Nilichofanya ni kumfunga kamba nikamrudisha, tukipita upande wa ndani.

*

Kambi ya Chemchemi iko kwenye uwanda chini ya Bega: mabanda ya mabanzi, boma la nguzo, na hori refu la mawe ambalo Fidelis amelitengeneza mara nyingi mpaka analiita mke mdogo. Nilimkuta amepiga magoti anaziba ufa. Daktari Ngajilo alikuwa kando yake anakagua kwato. Ndiye daktari wa farasi wa hifadhi nzima, mwanamke mwembamba mwenye koti kubwa, hana makuu, na kila akija hubeba ndizi za kikosi kizima.

"Hatukuipima," nikasema.

"Nini, shemeji?" Fidelis aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa rafiki wa Oresto tangu shule, ananiita shemeji hata kwenye redio.

"Bega. Karani hakuwa mtupu. Alikuwa na mkanda, na mkanda ulikuwa njano."

Fidelis akacheka. "Sasa shemeji, hapo si utasema tumnyoe na manyoya." Akaendelea kuziba ufa. Halafu mkono wake ukasimama. Nilimwona anapita njia ile ile niliyopita mimi, isipokuwa yeye hakuwa na kitu nyuma ya sikio. Aliweka mwiko chini. "Subilaga," akasema. Hajawahi kuniita jina. "Siku ile Oresto alisema, Karani akipita na mimi napita. Nilikuwepo. Nilimshikia hatamu."

"Najua."

"Tulimuua?"

"Sijui," nikasema. Joto likapanda nyuma ya sikio, likashuka.

Daktari Ngajilo bado alikuwa na kwato ya farasi mapajani mwake. Aliiachia taratibu. "Dada, njano peke yake si ushahidi. Mkanda unakuwa njano ndege akiruka. Unakuwa njano upepo ukivuma kwenye nailoni. Farasi ni mnyama wa kuogopa, ndiyo maana tuliwavisha. Umesahau ilivyokuwa? Kabla ya mikanda mlikuwa mnapoteza mtu kila msimu kwa teke au kwa farasi aliyeshtuka."

Sikusahau. Oresto mwenyewe alikuwa na kovu la kwato kwenye paja, na siku mikanda ilipoletwa alicheza ngoma ya harusi katikati ya boma.

"Basi tumvue Karani mkanda, avuke tena," nikasema.

"Hapana." Alilijibu hilo upesi mno. "Nimeshaona. Kule kituoni palikuwa na jike anaitwa Sabuni. Mkanda wake uliharibika tukauvua ili tuubadilishe. Tangu amezaliwa hajawahi kuogopa kitu, na siku hiyo kila kitu kilimjia kwa mkupuo. Ukuta, ndoo, mikono yangu mimi niliyemlea. Alijipiga kwenye nyaya mpaka akafa, na ilichukua muda. Kuwavua kuna utaratibu wake, miezi ya kupunguza kidogo kidogo. Na ni sheria, mimi ndiye niliyeiandika."

"Kesho asubuhi watu wa Numbe wanashuka."

"Najua wanashuka."

"Tuwaambie nini?"

Redio ya kambi ikajibu kwa niaba yake, ikakoroma kwenye nguzo ya jikoni, na sauti ya Mwalimu Lwidiko ikatoka imejaa furaha.

*

Numbe ni kijiji kilicho juu kabisa, nyuma ya Bega. Tangu sheria ya chemchemi ipite, hakuna injini inayoruhusiwa kuvuka jiwe jeupe la mpaka, iwe ya ardhini au ya angani, kwa sababu tope la nyanda zile ndilo linalohifadhi maji ya mabwawa yote ya chini. Hatulalamiki, wa kwanza kuyanywa maji yale ni sisi. Ndege ya dharura inaweza kuombewa kibali, na kibali kikishapatikana kinaomba ukungu utoke. Ukungu wa Bega haujaribiwi. Kwa hiyo Numbe ina farasi na njia yetu, na tangu Bega iporomoke haina kitu, ila kijia cha mbuzi kinachopanda juu ya kilele, ambacho farasi hawezi na mtu mzima anakipita kwa kutambaa.

"Dada Subilaga!" alisema Mwalimu Lwidiko. "Tumesikia Karani amepitisha! Huku watu wanacheza, unasikia?"

Nilisikia. Ngoma na watoto.

"Hongereni sana. Mungu awabariki na mikono yenu. Mimi na Sekela tutakuwa wa kwanza kushuka, nimeshamwambia mwenyekiti, asitokee mtu wa kutupita. Mkunga amesema asijaribu kujifungulia huku. Unajua ile ya kwanza alipasuliwa, na safari hii mkunga anasikia mioyo miwili."

"Yuko karibu?"

"Karibu sana. Anatembea ameshika kiuno. Dada, nifunge mizigo?"

Fidelis alikuwa ananitazama. Daktari alikuwa anatazama chini.

"Funga, Mwalimu," nikasema. "Ila msitoke nyumbani mpaka nikuite."

"Kuna tatizo?"

"Nitakuita."

Nilizima redio. Hapo ndipo jambo lote lilipokuwa, limekaa mezani kama sahani. Nikisema njia ni nzima, Sekela atapita Bega kesho asubuhi juu ya farasi asiyejua kuogopa, na nyuma yake wengine wanaosubiri tangu kabla ya masika. Nikisema si nzima, atabaki juu na watoto wawili tumboni, kwa sababu ya taa ya njano ambayo hata ndege huiwasha. Na ili nijue lipi ni lipi, ni lazima nimtupie Karani hofu ya maisha yake yote kwa mara moja, na pengine nimuue.

Nililipima hili lote kwa utulivu mkubwa. Sikuhisi huruma kwa Sekela. Nilijua kwamba inafaa kumhurumia, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Hapo nikaelewa kitu kingine.

"Daktari," nikasema, "asubuhi nani alisema njia iko sawa?"

"Karani."

"Baada ya Karani."

Alifikiri. "Wewe."

"Nilisimama pale nikautazama udongo na ukuta. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, macho yangu yanajua. Kitu fulani nilikiona, maana sikio lilinichoma. Sijui nilikiona nini. Kilizimwa kabla hakijanifikia. Hukuniuliza taa yangu ilikuwa rangi gani."

"Wewe umefiwa, dada. Lazima kikuchome pale."

"Labda. Kibandue, tujue."

"Wewe si farasi."

"Ndiyo maana unaanza na mimi. Sitamvua mnyama kitu ambacho mimi mwenyewe naogopa kuvua." Kisha nikajisahihisha, kwa sababu haikuwa kweli. "Ambacho ningeogopa."

Daktari Ngajilo alimgeukia Fidelis, lakini Fidelis alikuwa ameshaenda jikoni. Alirudi na beseni la maji ya uvuguvugu.

*

Kwanza nilisikia baridi. Sikuwa nimejua kwamba kuna baridi. Mikono yangu ilikuwa imepasuka yote na ilikuwa inauma, na ilikuwa inauma tangu lini?

Halafu moshi wa jikoni, harufu ya mavi ya farasi, harufu ya koti nililovaa. Lilikuwa koti la Oresto. Nilikuwa nimelivaa kila siku kwa sababu lilikuwa la joto.

Oresto aliyekuwa anaongea na toroli akilisukuma, analibembeleza kwenye mwinuko, analisifu likifika juu. Oresto aliyepotosha kila wimbo wa kanisani na hakukubali. Oresto aliyekuwa ananiwekea miguu yake ya barafu tumboni usiku nikimpiga ngumi. Sikuwa nimemlilia. Walimshusha kaburini mimi nimesimama nawahesabia watu viti.

Nilikaa chini palepale kando ya hori nikalia. Sitajaribu kueleza kilio chenyewe. Kilikuwa na sauti mbaya, kilinitoa kamasi, kilinikaba. Fidelis alikaa kando yangu akalia pia, mtu mzima na mwiko wake. Daktari alishika beseni akageuza uso. Na farasi wote waliofungwa kwenye kamba ndefu, hatua chache kutoka kwetu, waliendelea kutafuna. Mwanamke anapiga mayowe puani mwao, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Daktari Ngajilo aliwatazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Nilijivunia sana jambo hili," akasema.

Akachukua ufunguo wa mikanda kwenye mfuko wa koti.

*

Tulimpeleka Karani kwenye bonde laini lisilo na jiwe wala nyaya. Fidelis alishika kamba moja, mimi nyingine. Daktari aliupunguza mkanda nguvu kwa hatua, akingoja kati ya hatua na hatua kadiri mchana ulivyoturuhusu, ambao haukutosha, na alisema hautoshi, na tuliendelea. Mwishowe akaufungua.

Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, haina nywele.

Karani alisimama. Kisha alianza kutetemeka kutoka miguuni kwenda juu. Aliliona koti langu akaruka. Akauona mkono wa Fidelis akasimama kwa miguu ya nyuma, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa farasi, nyembamba, kama ya mtoto. Kamba ilinichuna viganja. Nilimwogopa, nikamwonea huruma, nikajichukia, vyote kwa pamoja na vyote kwa nguvu, mimi ambaye asubuhi nilikuwa sina hata kimoja. Nilitaka kumwambia ni sawa, hakuna kitu. Nilishindwa. Kilikuwepo kitu, na ndicho tulichomvulia mkanda akiseme.

"Pole," nikamwambia. "Pole, baba. Pole."

Alizunguka bondeni mpaka povu likamtoka. Jua liliposogea alisimama, akaja, si kwangu, kwa jike mzee aliyekuwa anakula majani kando. Akamwegemea ubavuni akapumua. Daktari aliweka sikio kifuani mwake kwa muda, kisha akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Yuko hai, ataishi.

Tukampeleka Bega, jike yule akitangulia mpaka mwanzo wa njia. Hapo tukamwachia Karani kamba zote, tukarudi nyuma, tukanyamaza. Kikosi kizima kilikuwa kimekuja.

Nami niliitazama njia. Nilianza kutoka jasho hata kabla yeye hajapiga hatua. Pale katikati, chini ya ukuta wetu mpya, kati ya jiwe la tatu na la nne, palikuwa na unyevu. Si mwingi. Doa la ukubwa wa kitambaa cha mkononi, jeusi zaidi ya mawe mengine. Asubuhi nilikuwa nimelitazama. Nakumbuka kabisa kwamba nililitazama.

Karani alitembea akinusa kila hatua. Pua yake ilipiga udongo, ikapuliza, ikapiga tena. Alipofika karibu na katikati alisimama. Aliinua mguu wa mbele, akaushusha bila kuukanyagia, akauinua tena. Masikio yake yote mawili yalielekea chini, ardhini. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, kwenye ukingo ule mwembamba, mpaka akafika kwetu. Alikuwa amelowa jasho.

Nilifungwa kamba kiunoni nikaenda kwa tumbo na mtaimbo mkononi. Niliuchomeka pale aliposimama. Ulizama kama kisu kwenye ugali, kwanza kidogo, kisha wote mpaka kwenye ngumi yangu. Nilipouchomoa ncha yake ilikuwa inachuruzika maji. Chini yetu hapakuwa na mlima. Tulikuwa tumejenga upya juu ya pango lilelile lililommeza Oresto, tukalisindilia, tukalipigia makofi.

*

Niliomba nizungumze na Numbe mwenyewe, kwenye redio ya jikoni. Daktari alitaka kunisaidia, alisema ni jambo la hifadhi, yeye ndiye anayepaswa kulibeba. Nikamwambia atabeba lake, nalo ni zito, mikanda yote ya kambi inamsubiri. Nje Fidelis alikuwa anawapanga watu wa kupanda kile kijia cha mbuzi: nani ana miguu mizuri, nani abaki na farasi. Wengine walikuwa wanashona magunia kwenye miti miwili kupata machela.

"Mwalimu Lwidiko."

"Dada! Tumekaa na mizigo mlangoni."

"Mwalimu, Bega haipitiki."

Nyuma yake ngoma ilikuwa bado inapigwa.

"Lakini amepita. Karani amepita, mmesema wenyewe."

"Tulimpitisha na mkanda. Mchana tumemvua, amekataa. Chini ni maji matupu, nimeyaona."

"Dada, sikiliza." Alishusha sauti, nadhani alitoka nje, ngoma ikawa mbali. "Sekela ameanza kusikia uchungu. Bado ni wa mbalimbali, lakini umeanza. Je, tukipita polepole? Mmoja mmoja, kwa miguu, upande wa ndani? Wewe si ulipita asubuhi?"

Nilikuwa nimepita. Mara mbili. Mtu mmoja mwepesi, upande wa ndani, labda. Mwanamke anayeshikwa na uchungu, mume akimshika, mkunga nyuma. Niliwaona wote watatu pale katikati. Zamani kidogo, leo asubuhi tu, ningelipima hili kama viazi sokoni na ningempa jibu kwa sauti nzuri. Sasa machozi yalikuwa yananidondokea kwenye redio, na jibu lilikuwa lilelile, ila sasa nilijua bei yake.

"Hapana, Mwalimu. Usimtoe. Tunakuja sisi, kwa kile kijia cha mbuzi, na machela. Tunaondoka sasa hivi."

"Mtafika saa ngapi?"

"Sijui. Sitakudanganya. Pengine tutachelewa."

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningempa haki yake.

"Unalia, dada?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nimekaa na redio hii tangu Oresto afe," alisema, "na sijawahi kukusikia ukilia." Alivuta pumzi. "Basi nakuamini."

Kisha akasahau kuzima, nikamsikia anatembea, mlango unafunguliwa, ngoma inanyamazishwa, na sauti yake ya upole ikimwambia mke wake avue viatu, alale kitandani, wachemshe maji.